Land Rover 109 ya Tarime: Miaka 50 Juu ya Mawe, na Siri Iliyokuwa Chini ya Rangi

Mtu akiishiwa hela mjini, watu husema yuko juu ya mawe. Msemo huo umetoka kwenye magari. Gari likifa na mwenyewe hana hela ya tairi, linapandishwa kwenye mawe manne na kuachwa hapo. Likishapanda, mara nyingi halishuki tena. Kuku wanataga ndani, watoto wanachezea usukani, na siku moja anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu na mzani wake.

Sasa kuna Land Rover moja wilayani Tarime, upande wa Nyamwaga, ambayo ilikaa juu ya mawe kwa miaka 50 kamili na haikuoza. Majina ya wahusika yamewekwa kapuni, kwa sababu ukoo wao ni mkubwa na jambo lenyewe bado linaongelewa kwenye vikao vya familia. Mwenye gari alishafariki. Waliobaki ni mjane wake, dada yake anayeishi Sirari, na mjukuu mmoja wa kiume anayependa magari kuliko chakula.

Huyo mjukuu ndo chanzo cha yote haya.

ILIANZIA ARUSHA

Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover. Lengo lilikuwa kuvunja rekodi iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018, ambako Land Rover 632 zilipita barabarani kwa msafara mmoja. Video zikasambaa kwenye simu za watu: za watalii, za polisi, za wakulima, zile za kubeba mkaa, zile zilizopakwa rangi mpaka zinang'aa kama sahani.

Mjukuu akatazama zile video, kisha akageuza macho kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba ya bibi yake. Mle ndani kulikuwa na Land Rover 109 nyeupe, imefunikwa magunia. Tangu azaliwe aliikuta pale, na kila mtu kwenye ukoo alijua maneno ya kusema: "Hiyo gari ilikosa spea."

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Aliamshe gari, alipake rangi ya milia ya pundamilia, kisha alikodishe kwa harusi za Tarime mjini na kwa watalii wanaopita Mugumu kwenda Serengeti. Akaenda kumwomba bibi yake ruhusa.

Bibi akamjibu, "Muache mke mwenza wangu alale."

KWA NINI GARI NI MKE MWENZA

Hapa twende taratibu, maana asiye Mkurya anaweza kupotea.

Kwa Wakurya, ng'ombe wa mahari ya dada ndo kwa kawaida humuoza kaka. Dada akiolewa, zizi la kwao linajaa, na kaka anapata njia. Huyu babu alikuwa ameshaoa mke mmoja pale dada yake alipoolewa, mwanzoni mwa miaka ya 70. Ng'ombe walipofika, wazee walitegemea aongeze mke wa pili. Yeye akauza sehemu ya wale ng'ombe, akaenda kwenye mnada wa magari chakavu ya serikali, na akarudi na Land Rover.

Yani mwanaume kapewa ng'ombe za kuoa, akaoa gari! Kijiji kizima kilicheka. Mkewe ndo akaliita gari mke mwenza, na jina likabaki hivyo. Dada mtu hakucheka. Mpaka leo, akiwa bibi mzee kule Sirari, anasema gari ni mahari yake yeye, na mtu asiliguse bila yeye kuulizwa.

Kwa hiyo mjukuu alikuwa na vibali viwili vya kutafuta. Cha Sirari alikipata kwa kuahidi kwamba gari likiwaka, safari za kliniki za bibi huyo zitakuwa bure. Cha nyumbani kilichukua wiki tatu. Bibi hakusema ndiyo, ila siku moja asubuhi alitoa funguo za banda, akaziweka juu ya meza ya chai, na akaondoka kwenda shambani.

CHINI YA MAGUNIA

Fundi aliyeitwa kutoka Tarime mjini alipofungua lile banda alikaa kimya kidogo. Alizoea magari ya juu ya mawe. Hili halikuwa limetelekezwa, lilikuwa limelazwa.

Mawe yaliwekwa chini ya ekseli, siyo chini ya chesisi, ili uzito ukae sawa. Springi zilipakwa grisi nzito. Maji ya rejeta yalimwagwa yote. Betri ilitolewa. Matundu ya plagi yalizibwa kwa vitambaa vilivyolowa oili. Kila dirisha lilikuwa zima. Bodi haikuwa na tundu hata moja.

Hilo la bodi lina sababu yake. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, Ulaya ikiwa imetoka vitani juzi tu. Uingereza chuma kilikuwa kwa mgao, lakini aluminiamu ilikuwepo. Kampuni ya Rover ikaamua kutengeneza bodi kwa mchanganyiko wa aluminiamu, ambao haushiki kutu kama bati la chuma. Chesisi ni ya chuma, na hiyo huliwa. Kwa hiyo ukikuta Land Rover ya zamani inauzwa, usidanganyike na bodi. Lala chini utazame chesisi.

Fundi akalala chini. Akagonga kwa nyundo kutoka mbele mpaka nyuma, na kote ikalia vizuri. Babu aliipaka oili chafu, na inaonekana alirudia kila mwaka mpaka alipofariki mwanzoni mwa miaka ya 90.

Kitu kimoja tu hakikuwepo. Walipofungua boneti, injini ilikuwa kamili, ila pale panapokaa kabureta palikuwa wazi, pamefunikwa kipande cha mbao kilichofungwa vizuri na bolti.

Fundi akauliza, "Kabureta iko wapi?"

Hakuna aliyejua.

KUSOMA GARI KAMA KITABU

Wakati fundi anahangaika, mjukuu akaanza kazi ya pili, kutafuta gari lilitoka wapi. Hakuwa na kadi. Kilichokuwepo ni tetesi tatu za kijijini, na zote zilikuwa mbaya.

Tetesi ya kwanza: gari lilikuwa la chama cha ushirika na babu alilichukua kwa ujanja, vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976. Ya pili: mwaka 1978 vita na Idi Amin ilipoanza, serikali ikawa inakusanya magari ya watu na ya mashirika kupeleka wanajeshi na mizigo Kagera, babu akalificha lake. Kwa kabila lililotoa vijana wengi jeshini kama Wakurya, hiyo ni aibu kubwa. Ya tatu: mwaka 1983, kwenye ile kampeni ya Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi, babu alilificha kwa sababu lilikuwa la magendo ya Sirari.

Halafu kulikuwa na maelezo ya familia yenyewe: Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, Jumuiya ikafa, na ukabaki umefungwa mpaka Novemba 1983. Tarime spea zilikuwa zinatoka Kenya. Mpaka ukafungwa, spea zikaisha, gari likapanda mawe. Hii iliingia akilini, ndo maana hakuna aliyeihoji.

Alianza na namba. Kwenye Land Rover za aina hii namba ya chesisi imegongwa mbele kulia, kwenye chuma kinachoshika springi. Ukisugua kwa brashi ya waya inajitokeza. Hii ilianza na 252. Tarakimu hizo tatu zina maana: Series IIA, 109, injini ya petroli, usukani kulia, iliyotengenezwa kupelekwa nje ya Uingereza. Na 109 yenyewe ni inchi kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, kama mita 2.77. Series IIA zilitengenezwa kuanzia 1961 mpaka 1971.

Miaka kumi ni mingi, kwa hiyo ikabidi gari lenyewe liseme zaidi. Taa za mbele zilikuwa katikati, karibu na rejeta, siyo kwenye mabawa ya pembeni. Taa zilihamia pembeni mwishoni mwa miaka ya 60, kwa hiyo hili ni la kabla ya hapo.

Dalili nyingine ilitokea kwa ajali. Msaidizi wa fundi, kijana, alifunga betri kama anavyofunga kwenye Probox, waya wa hasi kwenye bodi. Mshale wa chaji ukalala upande usiotakiwa. Fundi mkubwa akapiga kelele, "Toa! Toa!" Kumbe Land Rover nyingi za kabla ya 1967 hivi zilikuwa kinyume na magari ya leo, chanya ndo inafungwa kwenye bodi. Bahati nzuri hakuna kilichoungua, na miaka ikapungua tena.

Mwisho mjukuu akaandika barua pepe Uingereza. Kule Gaydon kuna jumba la makumbusho la magari lililotunza vitabu vya viwanda. Ukiwatumia namba ya chesisi na ukalipia, wanakupa cheti: gari lilitengenezwa lini, lilitoka lini, rangi gani, injini namba ngapi, lilipelekwa wapi. Cheti kilipofika kilisema 1964, rangi ya kijani iliyokolea, kupitia bandari ya Mombasa. Namba ya injini ni ile ile iliyopo.

Lakini cheti kinaishia bandarini. Mombasa mpaka Nyamwaga hakuna kitabu cha kiwanda kinachofika. Na hapo mjukuu akashika neno moja: kijani. Gari lao lilikuwa jeupe.

HERUFI TANO

Alichukua msasa laini na maji, akaanza kusugua mlango wa dereva polepole. Nyeupe ikatoka, kijani ikajitokeza. Katikati ya mlango, kwenye ile kijani, kulikuwa na kivuli cha maandishi yaliyofutwa zamani. Mengi yalishapotea. Yaliyobaki ni haya:

NAL PA

Fundi akadhani ni jina la Mhindi. Mjukuu akapiga picha, akaitazama usiku kucha kwenye simu. Asubuhi akaelewa. *National Parks.* Gari lilikuwa la hifadhi. Lilikuwa gari la gemu.

Kwa mtu wa Dar hilo halina uzito. Kwa vijiji vya Tarime na Serengeti vinavyopakana na hifadhi, neno "gemu" ni zito. Gemu ni askari wa wanyama. Gemu ni ng'ombe kukamatwa, ni mtu kukimbia na kitoweo, ni mabishano ya mpaka uko wapi na kigingi kimewekwa wapi, ambayo hayajaisha mpaka leo. Zamani mlio wa Land Rover ukisikika kwenye vijiji hivyo, watu walijua nani anakuja kabla hajaonekana.

Kijana alimfuata bibi yake jikoni na ile picha. Bibi hakuhitaji kusoma.

"Umeifikia," alisema. Kisha akaongea kuliko alivyoongea kwa miaka yote.

LAMAI

Ili umwelewe bibi, historia kidogo.

Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 mipaka ikabadilishwa, Ngorongoro ikatengwa, na Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya hifadhi wakatolewa. Miaka hiyo hiyo Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuwa angani na ndege yao yenye milia ya pundamilia, wakihesabu wanyama. Hesabu yao ya mwaka 1958 ilitoa nyumbu 99,481. Michael alikufa ndege hiyo ilipoanguka, tarehe 10 Januari 1959. Filamu yao ilipata tuzo ya Oscar, na dunia nzima ikaijua Serengeti.

Shida ilikuwa kwamba nyumbu hawajui mipaka ya kwenye karatasi. Kiangazi wanapanda kaskazini, wanavuka Mto Mara, wanaingia Kenya. Kati ya Mto Mara na mpaka wa Kenya kulikuwa na pembe ya ardhi nzuri inayoitwa Lamai, na hapo palikuwa na watu, Wakurya wakilima na kufuga. Mwaka 1965 Lamai ikaingizwa ndani ya hifadhi ili njia ya nyumbu isikatike. Nyumbu wakapata njia, na watu ikabidi watoke.

Leo nyumbu wanakadiriwa milioni 1.3. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na kuisha kwa sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe uliokuwa ukiwaua, lakini njia ya Lamai nayo imewaweka hai. Kuanzia Julai mpaka Oktoba wageni kutoka dunia nzima wanalipa hela ndefu kusimama kwenye kingo za mto pale, wakitazama nyumbu wakivuka na mamba wakisubiri. Serengeti imo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Hayo yote ni kweli, na ni fahari ya nchi.

Na bibi huyu alizaliwa Lamai. Hilo nalo ni kweli.

Alikuwa msichana wakati huo. Alikumbuka magari yalivyokuja na wazee wakaitwa. Alikumbuka baba yake akihesabu ng'ombe mara mbili mbili kama mtu aliyechanganyikiwa. Na alikumbuka dereva wa Land Rover moja ya kijani, kijana Mkurya, aliyeshuka na kumsaidia mama yake kupandisha jiwe la kusagia nafaka kwenye gari, wakati wenzake walisema jiwe halina maana, liachwe.

Huyo dereva alirudi mwaka uliofuata, kwa miguu, na wazee wake. Alikuja kuposa.

"Baba yangu alikataa mara mbili," bibi alimwambia mjukuu. "Mara ya tatu mama ndiye aliyesema, huyu alibeba jiwe langu."

JEUPE JUU YA KIJANI

Babu aliacha kazi ya gemu miaka michache baadaye. Aliposikia magari chakavu yanapigwa mnada, akaenda, na akakuta gari alilokuwa analiendesha mwenyewe. Huko ndiko zilikoishia ng'ombe za mahari ya dada. Kitu cha kwanza alichofanya ni kulipaka rangi nyeupe, kwa mkono, kwa brashi. Akafuta maandishi. Hakutaka watu wakimbie wakiliona.

Kwa miaka kama mitatu likawa gari la abiria na mizigo, Tarime kwenda Mugumu. Leo barabara hiyo ni kama kilomita 87. Wakati ule ilikuwa ni vumbi, matope na Mungu. Mvua ikinyesha na Mto Mara ukijaa, safari inasimama mpaka maji yapungue. Lilibeba kahawa, mahindi, wagonjwa, na maharusi. Lilibeba pia waliokwenda kuzika. Watu wakaanza kusahau kwamba lilikuwa la gemu.

Halafu ikaja 1974.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi kwenye vijiji ni lazima kwa wote, na mwisho ni 1976. Mara nayo ikapata operesheni yake, Operesheni Mara, mwaka 1974. Familia zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na zizi lake kilimani, zikaamriwa kukusanyika kwenye vijiji vipya vilivyopimwa kwa mistari. Na watu kuhama kunahitaji magari.

Babu akaambiwa alete Land Rover yake. Akabeba. Akabeba vyungu, vitanda, mlango wa mtu, kuku, wazee wasioweza kutembea. Kati ya aliowabeba walikuwemo watu wa ukoo wa mkewe, wale wale aliowatoa Lamai miaka tisa nyuma. Mama mkwe wake alipanda tena gari lile lile, na jiwe lile lile la kusagia.

"Hakusema kitu," bibi alisimulia. "Alimpa tu lile jiwe mkononi, akapanda mbele."

Usiku ule babu alirudi nyumbani, akafungua boneti kwa mwanga wa kandili, akang'oa kabureta. Asubuhi walipokuja kumwita aliwaambia gari ni bovu. Ukweli lilikuwa bovu, maana bila kabureta haliendi popote. Akalipandisha juu ya mawe, akaliosha, akalipaka grisi, akalifunika. Hakuliendesha tena maisha yake yote.

GAZETI LA UHURU

Sasa, bibi kizee akisimulia, mjukuu anaweza kuamini au asiamini. Kumbukumbu ni kumbukumbu. Lakini bibi alipomaliza alimwambia apande juu ya ghala, atazame nyuma ya boriti ya tatu.

Kulikuwa na furushi lenye vumbi la miaka. Ndani yake kabureta, imefungwa kwenye kurasa za gazeti la Uhuru. Karatasi zilikuwa za njano na zilikatika ukizishika vibaya, ila tarehe zilisomeka. Zote za 1974.

Fikiria hizo kurasa zilivyobadilisha mambo. Mwaka 1974 vyama vikuu vya ushirika vilikuwa bado havijavunjwa, kwa hiyo tetesi ya ushirika imekufa. Vita vya Kagera vilikuwa bado miaka minne, hakuna gari lililofichwa vitani. Kampeni ya wahujumu uchumi ilikuwa bado miaka tisa. Na mpaka wa Sirari ulikuwa wazi, spea zipo. Hata maelezo ya familia yenyewe hayakuwa kweli.

Ukoo mzima ulikuwa umeishi na aibu tatu na kisingizio kimoja, na babu hakukanusha hata kimoja. Watu walipomuita mwoga wa vita alinyamaza. Walipomuita mla magendo alinyamaza. Alipopata kisingizio cha spea mwaka 1977, akakishika hicho mpaka kaburini.

Kwa nini hakusema? Bibi alipoulizwa alijibu kwa ufupi kwamba kukataa Operesheni wakati ule siyo jambo la kutangaza. Na kazi ya Lamai alishaifanya, alipokea mshahara wake. Angesema nini?

KUAMKA

Fundi hakukurupuka kupiga stata. Alimwaga oili na dizeli kidogo kwenye kila silinda, akaacha siku nne. Siku ya tano akachomeka hendeli mbele, akasukuma taratibu kwa uzito wa mwili. Mara ya kwanza ngumu. Mara ya pili injini ikazunguka nusu, kisha ikamaliza mzunguko. Pete hazikuwa zimeganda.

Kabureta ikaoshwa kwa petroli, gaskiti mpya zikakatwa. Pointi zikasuguliwa kwa msasa. Tenki likatolewa na kuoshwa mara tatu. Breki ndo zilisumbua kuliko vyote, mipira yote ya ndani ilikuwa imekufa, mingine ikaagizwa Nairobi na mingine Arusha. Tairi zilikuwa kama mkaa, zikanunuliwa mpya.

Siku ya kuwasha banda lilijaa watu. Dada wa marehemu aliletwa kutoka Sirari, akakaa kwenye kiti cha plastiki kama mwenye mali. Hendeli ikapigwa, kimya. Ikapigwa tena, ikakohoa moshi wa bluu. Mara ya tatu ikashika, ikatetemeka, ikatulia. Wazee waliokuwa nje walisema ule mlio wanaujua. Mmoja alisimama na kutoka kidogo nje ya uzio, kisha akarudi mwenyewe akicheka, akasema miguu imekimbia kabla ya akili.

Kichuri kilipikwa, vijana wakaitana "mura, mura" mpaka giza.

SAFARI YA KWANZA

Habari za milia ya pundamilia ziliishia pale. Mjukuu alibakiza rangi ya babu yake, nyeupe ya brashi yenye michirizi, na mlango wa dereva akauacha kama alivyousugua, kijani na zile herufi. Akapaka vanishi tu juu. Baadhi ya wajomba hawakupenda, walisema anatangaza aibu. Hilo halijaisha.

Safari ya kwanza bibi ndiye alichagua. Walikwenda mashariki, vilima vya mpakani, mpaka pale ardhi inaposhuka na tambarare ya Lamai inaonekana chini. Bibi alikaa mbele. Walipofika akaomba injini izimwe.

Alitazama muda mrefu. Akaonyesha kwa kidole lilipokuwa zizi la baba yake, kisha akabadilisha, akaonyesha kwingine kidogo. Akasema miti imeota sana, hana uhakika. Mjukuu akamwambia siku moja atampeleka mpaka kule chini kwenyewe, waingie getini kama wageni wengine.

"Kwa kiingilio?" bibi aliuliza.

"Kwa kiingilio, bibi."

Bibi akafikiri. Akasema sawa, ila ahakikishe breki.

Basi mdau, kama kwenu kuna gari juu ya mawe, Land Rover, Peugeot, Bedford, chochote, kabla hujaita mtu wa vyuma chakavu au kununua rangi mpya, safisha chesisi usome namba. Tazama kilichofungwa kwenye magazeti, soma tarehe. Sugua mlango taratibu. Na ukimaliza hayo, nenda jikoni ukamuulize bibi, angali yupo.

Maoni yako wazi hapo chini. Mwenye gari la babu lenye hadithi aweke na mwaka.